Umempenda, hakupendi: Usiitupe brashi yako

Mapenzi ni kikohozi, walisema wahenga, hayawezi kufichika. Lakini wahenga hao hao, msomaji mpenzi, hawakutuambia afanye nini mtu aliyekohoa usiku na mchana, majirani wote wakamsikia, isipokuwa yule mmoja aliyekusudiwa asikie.

Leo tunazungumza na vijana wa vyuo, hasa wale wanaosomea sanaa: uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na kadhalika. Tutawalenga zaidi wana wa Migori na Homa Bay, kwa sababu kwao kuna hadithi, mawe na udongo vinavyoweza kumfunza kijana aliyekataliwa mambo mengi kuliko filamu anazozitazama. Lakini hata wewe unayesomea uhasibu, na wewe mzazi unayehangaika na karo, usigeuze ukurasa. Jambo hili hupiga hodi katika kila nyumba.

Hebu tumfikirie kijana mmoja. Hatutampa jina maana wenzake ni wengi. Ametoka Awendo, nchi ya miwa. Baba yake ameuza ng'ombe wawili ili yeye aende Nairobi kusomea uchoraji, na si kila mzazi anayekubali kuuza ng'ombe kwa ajili ya mwana anayetaka "kuchorachora". Muhula wa pili anaketi karibu na msichana wa Homa Bay mjini. Wanaazimana makaa ya kuchorea. Wanakula chapati na maharagwe pamoja kibandani. Likizo ikifika wanapanda basi moja, wakaagana Rongo, mmoja akielekea Awendo na mwenzake akishika njia ya Homa Bay. Kijana anamchora msichana huyo mara moja, mara kumi, hadi kitabu cha michoro kinajaa. Siku anapokusanya ujasiri wake wote na kumfungulia moyo, msichana anamtazama kwa huruma na kumwambia, "Lakini wewe ni kama kaka yangu."

Wiki inayofuata kijana haonekani darasani. Kazi ya mwisho wa muhula haipeleki. Brashi zimekaukia rangi ndani ya kopo. Wenzake wakimuuliza anasema ana malaria.

Swali letu leo ni hili: je, ng'ombe wawili wa baba waangamie kwa sababu ya sentensi moja?

KWA NINI WANAFUNZI WA SANAA?

Huenda ukasema kwamba kukataliwa ni kukataliwa tu, awe mtu anasomea sheria au ushonaji. Ni kweli. Lakini masomo ya sanaa yana mtego wake.

Kuchora uso wa mtu si kazi ya dakika mbili. Mchoraji huketi mbele ya mwenzake saa nzima, pengine saa tatu, akimkazia macho. Barabarani, kijana anayemkodolea macho msichana hivyo ataulizwa kama amepoteza kitu. Darasani hupewa alama. Anajua kidoti kilicho chini ya sikio, anajua nyusi moja ilivyopanda kuliko nyingine, anajua kivuli kinavyolala shavuni saa tisa alasiri. Mwisho anaanza kudhani kwamba amemjua mtu mwenyewe, kumbe amejua ngozi na mwanga.

Na yule anayechorwa? Ametulia kimya kwa sababu zoezi linataka atulie. Kesho zamu itageuka, naye atamchora mwingine kwa macho yale yale. Utulivu wake si ahadi.

Sasa, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kanuni moja ambayo ingemwokoa kama angeibeba hadi nje ya darasa: chora unachokiona, usichore unachodhani unakiona. Mwambie mtu asiyejua kuchora akuchoree kichwa, naye ataweka macho juu kabisa, karibu na nywele. Kwa nini? Kwa sababu akili yake inadhani kwamba macho, pua na mdomo ndiyo sura yote, na paji la uso na utosi havina kazi. Mwalimu humwambia anyooshe mkono, ashike penseli wima, afumbe jicho moja na apime. Hapo ndipo anapogundua, kwa mshangao, kwamba macho ya binadamu yako katikati ya kichwa, nusu kamili kati ya utosi na kidevu.

Mapenzi nayo yanataka kupimwa kwa penseli, ndugu msomaji. "Alinitabasamia." Vema, lakini je, hamtabasamii pia askari wa langoni? "Alikubali nimlipie nauli." Je, aliwahi kukutafuta siku ambayo hakuhitaji chochote? Kati yenu wawili, nani hupiga simu kwanza? Ukisafiri wiki mbili, anauliza uko wapi? Akufukuzaye hakwambii toka, na mara nyingi jibu lilikuwa mbele yako miezi sita kabla ya wewe kuuliza swali. Ulikuwa umeyaweka macho juu ya paji.

ZAMANI KULIKUWA NA JAGAM

Wazee wa Kiluo hawakuwaacha vijana wao wapambane na jambo hili peke yao. Wasichana walilala katika nyumba iliyoitwa siwindhe, chini ya bibi mzee aliyeitwa pim. Huko walisikiliza hadithi, wakatega vitendawili, wakafundishwa mambo ya miili yao, ya wanaume na ya ndoa bila kuona haya. Kijana wa kiume alikuwa na nyumba yake, simba, karibu na lango la boma, na alifundishwa na wazee kuhusu wajibu wa mwanamume.

Ilipofika wakati wa kuoa, palikuwa na jagam, mshenga anayezijua familia zote mbili. Jagam ndiye aliyepeleka neno na kurudisha jibu. Jibu likiwa baya, lilipita kwanza katika masikio ya mtu mzima kabla ya kumfikia kijana, na mtu mzima alijua namna ya kulipunguza makali.

Hatusemi kwamba mambo ya zamani yalikuwa mazuri yote. Mara nyingine msichana alivutwa kwa nguvu hadi kwa mume, apende asipende, na hilo hatulitamani lirudi. Lakini tazama tulichokiweka mahali pa jagam. Tumeweka simu. Kijana anaandika ujumbe saa sita usiku, anaona alama mbili za buluu, anajua kwamba umesomwa, na jibu haliji. Analala chali akitazama dari, peke yake, pasipo pim wala jagam.

Ushauri wetu ni kwamba kila kijana atafute jagam wake wa leo. Si wa kupeleka ujumbe, la. Ni mtu mzima mmoja, awe shangazi, kaka mkubwa, mhadhiri unayemwamini au mshauri wa wanafunzi pale chuoni, atakayekwambia ukweli bila kukucheka. Rafiki wa bweni hafai sana kwa kazi hii. Yeye atakwambia "usikate tamaa, atakubali tu", kwa sababu hivyo ndivyo filamu ilivyomwambia naye.

HADITHI MBILI ZA ZIWANI

Homa Bay ina hadithi mbili ambazo kila mtoto wa huko alizisikia kabla ya kujua kusoma. Zote zinafaa kusikilizwa upya na mtu aliyekataliwa.

Ya kwanza ni ya Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo karibu na Kendu Bay, lenye maji ya chumvi yasiyonyweka. Inasimuliwa kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wanakijiji wakisherehekea, alikuja ajuza aliyechoka akiomba hifadhi, nao wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Ajuza akamwambia mwenyeji wake aondoke haraka na mumewe, kisha mvua ikashuka, na kijiji kizima kikazama na watu wake. Neno "nyaima" lina maana ya kuzama.

Yuko kijana ambaye akikataliwa hutaka kuzamisha kijiji. Anamtukana msichana mbele ya darasa zima. Anasambaza picha zake. Anamvizia njiani usiku. Anasema, "Kama si mimi, basi si mwingine." Msomaji, jambo hili si mzaha. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya Wakenya, wengi wao wanawake vijana, waliandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Katika mauaji ya aina hiyo, mara nyingi muuaji huwa ni mtu aliyesema kwamba anampenda marehemu.

Basi ieleweke vizuri tofauti iliyoko. Ajuza wa Simbi alinyimwa haki yake, kwa maana kwetu mgeni aliyechoka ana haki ya kupewa maji, chakula na mahali pa kulala. Lakini hakuna binadamu mwenye haki ya kupewa moyo wa mwingine. Makaa uliyomwazima, nauli uliyomlipia na michoro 40 uliyomchora havikununua kitu. Ulimpa kwa hiari yako, naye amekujibu kwa hiari yake. Zaidi ya hayo, sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inamwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu, na pia anayemsumbua mwenzake mitandaoni. Msichana anayetishwa anaweza kupiga simu nambari 1195, ambayo ni ya msaada kwa wanaokabiliwa na dhuluma za kijinsia, na hailipishwi.

Hadithi ya pili ni ya Nyamgondho, mwana wa Ombare, mvuvi maskini wa pwani ya Gwassi. Siku moja wavu wake ulimleta mwanamke mzee kutoka ziwani. Alitaka kumrudisha majini, lakini mwanamke akamsihi, naye akamchukua nyumbani akamwoa. Kukicha, boma lilikuwa limejaa ng'ombe. Nyamgondho akawa tajiri, akawa mlevi, akamtukana mkewe kwa kumkumbusha alikotolewa. Mwanamke hakujibu. Alirudi ziwani, na ng'ombe wote, mbuzi na kuku wakamfuata hadi wakatoweka majini. Nyamgondho alibaki ufuoni ameegemea fimbo yake, akitazama, akitazama, mpaka akageuka mti.

Yuko basi kijana wa namna ya pili, ambaye hamdhuru mtu ila nafsi yake. Anabaki amesimama. Mwaka wa pili unapita, wa tatu unapita, yeye bado anapita chini ya dirisha la bweni lile lile, bado anafungua ukurasa wa msichana huyo kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Nyamgondho alipoteza mke kwa kinywa chake mwenyewe. Kijana wetu pengine hakukosa lolote. Lakini mwisho wao unaweza kuwa mmoja: mguu unaota mizizi, na mkono uliofaa kushika brashi unakuwa tawi kavu.

YULE MHOLANZI NA TAA

Kuna wanaosema kwamba msanii lazima aumizwe ndipo awe msanii, na mfano wanaoupenda ni Vincent van Gogh. Hebu tuutazame mfano huo kwa karibu.

Mwaka 1881 Van Gogh alikuwa na umri wa miaka 28, akiishi kwa wazazi wake huko Etten, Uholanzi. Alimpenda binamu yake, Kee Vos, mjane mwenye mtoto mdogo. Kee alimkatalia mara moja na kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma. Van Gogh hakusikia. Aliandika barua baada ya barua. Mwisho alikwenda Amsterdam nyumbani kwa wazazi wa Kee, akaweka mkono wake juu ya moto wa taa, akaomba aruhusiwe kumwona kwa muda ambao angeweza kuuvumilia ule moto. Hakuruhusiwa. Taa ilizimwa, naye akaenda zake.

Usidanganyike, ewe kijana, kwamba taa ile ndiyo iliyomfanya mchoraji. Van Gogh alikuwa ameamua kuwa msanii mwaka 1880, mwaka mzima kabla ya kiangazi kile. Kilichomjenga ni kwamba hata katika miezi ile ya aibu aliendelea kuwachora wakulima, vibarua na wanawake wakishona. Mwisho wa mwaka huo wa 1881 alihamia The Hague, ambako mchoraji Anton Mauve, mume wa binamu yake mwingine, alimfundisha kutumia rangi. Katika miaka takriban kumi tangu uamuzi wake hadi kufa kwake mwaka 1890, alichora zaidi ya picha 800 za rangi ya mafuta. Mkono uliotiwa motoni haukutuachia hata picha moja. Picha tunazozijua zilitoka katika mkono uliorudi kazini.

Tena kuna jambo moja la kuzingatia. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kuwalipa watu wakae awachore, Van Gogh alinunua kioo akajichora mwenyewe. Alijichora zaidi ya mara 30. Hapo ndipo tunapotaka kukufikisha.

SURA YAKO NI IPI?

Fungua kitabu chako cha michoro, uhesabu. Kurasa ngapi ni za uso wake? Kurasa ngapi ni za vitu alivyovipenda yeye? Huenda ulianza kutumia rangi za waridi kwa sababu alizisifu. Huenda uliacha kuchonga kwa sababu alisema vumbi la mawe linamkera. Kijana anayependa bila kupendwa hugeuka mtumishi wa macho ya mtu mmoja, na mtu huyo akiondoka, mtumishi hajui tena afanye kazi gani.

Kwa hiyo kukataliwa, pamoja na uchungu wake wote, kunakuachia swali ambalo hungejiuliza kwa hiari: unachora nini wakati hakuna mtu wa kumpendeza? Wewe ni nani yeye asipokutazama?

Jibu lisikuharakishe. Mfikirie Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye akawa mwalimu, akalea watoto, na sanaa ikawekwa kando kwa miaka mingi. Alirudi kwayo mwishoni mwa miaka ya 1980, akikaribia umri wa miaka 60. Hakuwa na fedha za rangi za kifahari, basi alichukua karatasi za sabuni, pakiti za unga na magazeti yenye picha, akazikata vipande vidogo vidogo na kuvigandisha mpaka vikawa kuku, ng'ombe na wanawake wa kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa katika Studio Museum in Harlem, huko New York. Alifariki mwaka 2021. Kama yeye alijipata akiwa bibi, wewe wa miaka 21 unayesema maisha yamekwisha unafanya haraka ya nini?

Mfikirie pia Elkana Ong'esa wa Tabaka, Kisii, si mbali na Rongo. Alizaliwa mahali ambapo watu huchonga mawe laini yanayochimbwa vilimani. Alikwenda Makerere kusoma, lakini elimu haikumfanya aone haya jiwe la kwao. Sanamu yake ya ndege wa amani imesimama makao makuu ya UNESCO mjini Paris, na imechongwa kwa jiwe lile lile la Tabaka.

RUDI NYUMBANI NA PENSELI

Likizo ijayo, utakaposhuka basi Rongo, Migori au Homa Bay, usijifungie chumbani ukisikiliza nyimbo za huzuni. Chukua penseli na kitabu kipya.

Nenda Thimlich Ohinga, kiasi cha kilomita 46 kutoka Migori mjini. Ni maboma ya mawe yanayokadiriwa kujengwa karne ya 16, nayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Utaona kuta ndefu kumshinda mtu, zilizopangwa bila saruji wala udongo. Mawe makubwa, ya wastani na madogo yameshikana kwa uzito wake yenyewe. Kaa chini uchore jiwe moja moja. Utagundua kwamba wajenzi wale hawakulilazimisha jiwe lisilokaa. Waliliweka kando, wakatafuta linalokaa, na lile la kwanza likapata nafasi yake mahali pengine. Fikiri juu ya hilo wakati unachora.

Au panda boti Mbita uvuke hadi kisiwa cha Mfangano. Huko Kwitone na Mawanga kuna michoro ya kale juu ya miamba, miduara ndani ya miduara, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Husemwa kwamba ni kazi ya Watwa walioishi huko kabla ya Wasuba. Hatujui majina ya wachoraji wala waliyempenda nani. Lakini bila shaka nao walikuwa na mioyo, na mmoja wao, siku fulani, lazima alikataliwa. Miduara bado iko.

Au keti na mama mfinyanzi wa kijijini kwenu. Mtazame anavyoinua chungu kwa mikono mitupu bila gurudumu, kisha anaviringisha kamba iliyosukwa juu ya udongo mbichi ili kuweka nakshi. Magdalene Odundo, Mkenya ambaye vyungu vyake vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, alikwenda Uingereza mwaka 1971 akiwa mtu wa michoro ya matangazo, na huko ndiko alikougundua udongo. Leo anajulikana kwa vyungu vinavyoinuliwa kwa mikono, bila gurudumu, kama wanavyofanya mama zetu.

Na yale mapicha ya msichana wako, uyafanyie nini? Usiyachome moto kwa hasira, maana ni mazoezi yako na yana alama. Usiyatundike kwenye maonyesho bila idhini yake, maana uso ni wake. Yafunge kwa kamba, uyaweke chini ya sanduku. Baada ya mwaka mmoja yatazame tena. Yatakuambia mahali mkono wako ulipokuwa dhaifu, na hutaona uchungu tena ila makosa ya kivuli.

KWA WASICHANA

Dada, wewe unayependwa na mtu usiyempenda, una wajibu mmoja tu: sema wazi, sema mapema. "Kwa sasa nasoma" si jibu, kwa kuwa kijana atahesabu siku hadi utakapomaliza kusoma. Mwambie kwa heshima, "Sikupendi kwa namna hiyo, na sitabadilika." Kisha usimwite tena saa tano usiku akumalizie kazi ya muhula. Hapo utakuwa umemfukuza kwa mdomo na kumvuta kwa mkono.

Na wewe msichana unayependa bila kupendwa, tunakujua. Desturi imekufundisha ungoje, ndiyo maana maumivu yako hayana sauti. Wakati mwingine huanza hata kudhani kwamba huna uzuri. Kanuni ya penseli ni ya kwako pia: pima kilichopo. Ukitaka kuuliza, uliza mara moja, kwa heshima yako yote, na jibu likija, lichukue urudi kwenye turubai yako. Hujapungukiwa na kitu.

KWA WAZAZI

Mzazi mpenzi, mwanao akirudi likizo akiwa amekonda na hataki kusema, usimwambie, "Nimeuza ng'ombe wangu ili ukalilie msichana?" Sentensi hiyo huziba mlango ambao huenda usifunguliwe tena. Mpe uji, mpe kazi ndogo shambani, mngoje aseme.

Lakini zijue dalili za hatari: asipokula wala kulala kwa wiki kadhaa, akigawa vitu vyake avipendavyo, akizungumza kana kwamba hatakuwapo mwaka ujao. Hapo usingoje. Mpeleke hospitali akamwone mshauri au daktari, kama ambavyo ungempeleka akiwa amevunjika mguu. Usimfiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujitoa uhai ni kinyume cha Katiba. Mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu.

Kwa leo tukomee hapo, msomaji. Wewe kijana uliyekataliwa wiki hii, hatukuambii usilie. Lia, halafu unawe uso, uoshe brashi zako kwa maji ya vuguvugu na sabuni kabla hazijakauka kabisa, kwa maana brashi nzuri ni ghali. Kisha Jumatatu asubuhi uwe darasani. Kuna kioo ukutani na karatasi mbele yako. Anza na macho, na usisahau kwamba yako katikati ya kichwa.